Ruhusa fupi zenye malipo: ulinganisho wa njia za kuzirekodi kwa waajiri wa Tanga

Mfanyakazi wa ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Bandari ya Tanga akitoka saa 4 asubuhi kumpeleka mtoto kliniki na kurejea saa 5 na nusu, kwa idhini ya msimamizi wake na bila kukatwa mshahara, programu inayorekodi muda haijui chochote kuhusu mtoto, kliniki wala idhini hiyo. Inachokijua ni kwamba kuna pengo la dakika 90 kati ya kutoka na kuingia, na isipoelekezwa vinginevyo italihesabu pengo hilo kuwa mapumziko yasiyolipwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anakuta upungufu ambao si mwajiri wala mfanyakazi aliyeukusudia, na mmoja wao analazimika kukumbuka kilichotokea Jumanne ya wiki ya pili.

Watu wengi huanza kulinganisha kwa kuuliza ni programu ipi iliyo nafuu. Kwa maoni yangu swali hilo linakuja mapema mno, kwa sababu programu ileile inaweza kurekodi ruhusa hiyo kwa njia tatu zenye matokeo tofauti kwenye mshahara, na ofisi isiyoamua njia yake itabaki na tatizo lilelile hata ikibadilisha programu kila mwaka. Kwa hiyo nalinganisha njia kwanza, kisha vifaa.

Kinachotenganisha ruhusa na mapumziko

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Inamtaka pia mwajiri ampe mapumziko ya angalau dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipia mapumziko hayo isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kuendelea na kazi au kukaa tayari kwa kazi. Ruhusa fupi yenye malipo ni jambo jingine kabisa: inakatiza saa za kazi, lakini mshahara wake haukatizwi.

Baadhi ya ruhusa hizo zimo ndani ya sheria yenyewe. Mama anayenyonyesha anastahili kuruhusiwa kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi hadi saa 2 kwa siku, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anastahili muda wa kuridhisha, wenye malipo, kwa ajili ya shughuli za uwakilishi wake. Nyingine zinatokana na mkataba au utaratibu wa ofisi: kwenda Hospitali ya Bombo kwa miadi ya daktari, kufuatilia kitambulisho NIDA, kushughulikia jambo la benki, au kwenda kuzika. Hilo la mwisho lina uzito wake Tanga. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mfanyakazi anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, lakini jirani wa Makorora au mjomba wa Pangani hayumo katika orodha hiyo, na maziko ya Kiislamu hayasubiri Jumamosi. Ofisi inayowaruhusu watu wake kwenda kuzika kwa saa mbili na kurudi ina ruhusa fupi za aina hii nyingi kuliko ofisi nyingi zinazofikiriwa na watengenezaji wa programu hizi.

Fedha inayohusika si ndogo kama inavyodhaniwa. Jedwali lililoambatishwa kwenye sheria hiyo linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wa wiki, na wa wiki ugawanywe kwa saa za kawaida za wiki ili kupata wa saa. Kwa mshahara wa shilingi 390,000 na wiki ya saa 45, saa moja inakuwa na thamani ya karibu shilingi 2,000. Dakika 90 za kliniki zikiangukia kwenye mapumziko, mfanyakazi amepoteza shilingi 3,000. Mama anayetumia saa zake 2 za kunyonyesha kwa siku 6 za wiki, ikiwa programu inazikata zote, atapoteza karibu shilingi 104,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya robo ya mshahara, kwa kutumia haki ambayo sheria imempa.

Njia ya kwanza: kuiacha saa iendelee

Njia nyepesi kuliko zote ni kumwambia mfanyakazi asibonyeze kitu anapotoka. Saa inaendelea kuhesabu, siku inatimia, hakuna wa kurekebisha chochote. Kwa kutoka kwa dakika 10 kwenda kwa wakala wa fedha aliye ng'ambo ya barabara, sioni sababu ya kutafuta utaratibu mwingine, na ofisi inayotaka kila dakika ya namna hiyo iandikwe itatumia fedha nyingi kwa kuandika kuliko itakazookoa.

Kwa ruhusa ya saa moja na zaidi, hata hivyo, njia hii ina kasoro ambazo hazionekani mpaka siku zinapoleta madhara. Ya kwanza ni muda wa ziada. Chukua mfanyakazi aliyekuwa nje kwa ruhusa kwa saa 3 katika wiki, akakaa jioni mbili kumalizia kazi, na hivyo akafanya kazi kwa saa 44 halisi. Programu iliyoachwa ihesabu itaonyesha saa 47, nayo itazilipa saa 2 kwa kiwango cha mara moja na nusu ambacho sheria inakitaka kwa muda wa ziada. Je, anastahili? Hoja zipo pande zote mbili. Mimi naona kwamba ruhusa ambayo mtu analazimika kuifidia jioni bila kulipwa haikuwa ruhusa yenye malipo, kwa hiyo ningezilipa saa hizo. Lakini huo ni uamuzi wa mwajiri na wafanyakazi wake, uandikwe kwenye utaratibu wa ofisi, na njia ya kwanza inaamua kwa niaba yao bila kuwaambia.

Kasoro ya pili ni mahali alipo mtu. Programu za simu zinazorekodi eneo kwa GPS huendelea kufanya hivyo kadiri saa inavyoendelea, maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyeambiwa asibonyeze kitu anabeba kumbukumbu ya safari yake mpaka kwenye mlango wa kliniki. Ya tatu ni usalama. Ghala likiwaka moto, orodha ya waliomo ndani inamtaja mtu aliye Bombo. Na akigongwa na bodaboda njiani kurudi, kumbukumbu zitasema alikuwa kazini, jambo litakaloleta maswali magumu endapo dai litapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Njia ya pili: kutoka, kuingia, kisha kulijaza pengo

Hapa mfanyakazi anabonyeza anapotoka na anaporudi kama ilivyo kweli, kisha pengo hilo linajazwa na ingizo la ruhusa lenye aina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jina la aliyeidhinisha. Programu nzuri huweka hesabu tatu zisizochanganyika: saa zilizofanyiwa kazi, saa zilizolipwa bila kufanyiwa kazi, na saa zilizotakiwa kwa siku hiyo. Mfanyakazi anayetakiwa kufanya kazi saa 8, aliyefanya saa 6.5 na kuwa na ruhusa ya saa 1.5, hana deni wala ziada, na mtu yeyote anayesoma taarifa anaona kilichotokea bila kuuliza.

Mwisho wa mwaka hesabu hizo zinajibu maswali ambayo njia ya kwanza haiwezi kuyajibu. Mwajiri anaona kama idara moja inatoa ruhusa kwa ukarimu na nyingine inawabana watu. Mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, anaweza kuonyesha muda alioutumia kwa kazi za chama. Na mfanyakazi akipeleka malalamiko ya kukatwa mshahara mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, pande zote zinashika karatasi ileile.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji kazi ya mkono, na kazi ya mkono husahaulika. Pengo lisipojazwa siku hiyohiyo au kesho yake, linarudi kuwa mapumziko. Lipo pia tatizo moja la kiufundi linalostahili kuangaliwa kwa makini. Programu nyingi hukata mapumziko zenyewe, kwa mfano dakika 60 baada ya saa 5 za kazi, isipokuwa kama zimeona mtu ametoka na kurudi. Mfanyakazi aliyetoka dakika 90 asubuhi kwa ruhusa, kisha akala chakula cha mchana bila kubonyeza kama ilivyo kawaida ya wenzake, anaweza kuonekana kwamba mapumziko yake ameshayachukua. Programu haikati tena, ruhusa inaongezwa juu yake, na siku ya saa 8 inageuka kuwa ya saa 9. Kosa hili humpendelea mfanyakazi, kwa hiyo ni vigumu kutarajia kwamba yeye ndiye atakayelitaja.

Kuna jambo la Ijumaa vilevile. Ofisi nyingi za mjini zinawaachia Waislamu muda wa sala kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana, na wakati mwingine ofisi nzima hupumzika muda huo. Sioni haja ya kuwafanya watu 30 wajaze maombi ya ruhusa ya nusu saa kila wiki. Ni bora ratiba ya Ijumaa iwekwe peke yake katika programu, dakika 60 zikiwa mapumziko ya kawaida na dakika 30 zilizobaki zikiwa zimelipwa tayari. Programu isiyoruhusu siku moja ya wiki kuwa na ratiba yake itaisumbua ofisi ya Tanga mara 52 kwa mwaka.

Njia ya tatu: kuifanya ruhusa kuwa kazi mojawapo

Programu kama Clockify, Toggl na Kimai zilibuniwa kwa watu wanaohesabu muda kwa kila mradi au mteja. Ndani yake unaweza kuunda mradi uitwao Ruhusa ya Malipo, na mfanyakazi anapotoka anahamisha saa kutoka kazi aliyokuwa nayo kwenda mradi huo, kisha anairudisha akifika. Kubonyeza ni kulekule anakokuzoea, hakuna pengo la kujaza, na muda wa ruhusa unajitenga na muda wa wateja. Kwa ofisi ya wakaguzi wa hesabu au ya mawakili wanaomtoza mteja kwa saa, hii ndiyo njia inayoingia vizuri zaidi katika shughuli zao, ilimradi wakumbuke kuuweka mradi huo kuwa usiotozwa.

Kwa wengine ina ugumu wake. Jumla ya saa inabeba kazi na ruhusa pamoja mpaka mtu aichuje, kwa hiyo lile suala la muda wa ziada linarudi kwa mlango wa nyuma. Idhini nayo haitangulii: mtu anaweza kujipa ruhusa kwa kubonyeza tu, na msimamizi akaikuta kwenye taarifa ya wiki.

Vifaa

Daftari la kuingia na kutoka bado linatosha kwa duka la vipuri la Ngamiani lenye watu 6, ikiwa litaongezwa safu mbili, moja ya aina ya kutoka na moja ya saini ya aliyeruhusu. Excel inafaa kwa hatua inayofuata, na tahadhari yake ni chache: jumla ya saa ikipita 24 inaanza upya kutoka sifuri mpaka umbo la namba liwekwe [h]:mm, na kwenye safu ya saa za desimali, mtu anayeandika 1.30 akimaanisha saa moja na nusu ameandika saa moja na dakika 18.

Mashine za alama za vidole ndizo ambazo waajiri wengi huzifikiria kwanza. Mashine za ZKTeco, kwa mfano, zina hali sita za kubonyeza: kuingia, kutoka, kutoka kwa mapumziko, kurudi kutoka mapumziko, kuanza muda wa ziada na kuumaliza. Zina pia nafasi ya namba za kazi ambazo mwajiri anaweza kuzipa maana yake, kwa mfano namba 5 kwa kliniki. Kwenye karatasi hilo linatosheleza kabisa. Katika hali halisi, watu 40 wakiwa kwenye foleni saa 2 kasoro dakika 5 hakuna atakayesoma vitufe. Kila mmoja anagusa kidole na kupita, na wanaotoka kwa ruhusa wanafanya vivyo hivyo. Ningeiachia mashine kazi ya kushuhudia saa tu, na aina ya ruhusa iingizwe na msimamizi kwenye kompyuta. Faida yake kubwa ni kwamba huhifadhi kumbukumbu ndani yake na data inaweza kutolewa kwa flashi hata intaneti ikiwa imekatika. Ulizia tu kama toleo unalouziwa lina betri ya kulihimili umeme unapokatika, kwa maana si yote yanayo.

Programu za simu, kama Jibble, zinawafaa watu wasiokaa mahali pamoja: wasambazaji wa maziwa, mafundi, maofisa wa nje wanaozunguka kati ya Kange na Pongwe. Zipo zenye mpango wa bure, lakini mara nyingi sehemu inayohusu ruhusa iko kwenye mpango wa kulipia, unaotozwa kwa dola kwa kila mtumiaji kila mwezi. Kimai ni programu huria ambayo ofisi inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe bila malipo ya leseni, ila inahitaji mtu anayejua kuitunza, na ofisi isiyokuwa na mtu huyo itajikuta inamlipa fundi kila mara.

Kigezo kinachochuja zaidi kuliko bei ni hiki: je, sehemu ya ruhusa inakubali saa, au inakubali siku nzima na nusu siku tu? Programu nyingi za likizo zilijengwa kwa ajili ya likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya ugonjwa, na mtu akiomba dakika 90 zinamwandikia nusu siku.

Jambo jingine la kuamua kabla ya kuanza ni namna ya kuandika saa. Mfanyakazi anayejaza fomu ya ruhusa anaandika "saa 4 hadi saa 5 na nusu" akimaanisha asubuhi, na karani mgeni anaingiza 4:00 na 5:30, alfajiri, kabla hata ofisi haijafunguliwa. Fomu iwe na mtindo wa saa 24, yaani 10:00 na 11:30, na mfano mmoja uliojazwa uchapwe juu yake. Programu za mtandaoni nazo ziwekewe majira ya Dar es Salaam mapema, kwa kuwa zikiachwa kwenye majira ya kimataifa ya UTC zitarudisha kila kitu nyuma kwa saa 3.

Kinachoandikwa kama sababu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu alama za kibayolojia kuwa taarifa nyeti, na wanaokusanya au kuchakata taarifa binafsi wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waajiri huifikiria sheria hiyo wanaponunua mashine ya vidole, lakini kwa ruhusa fupi hatari iko zaidi kwenye safu ya maelezo. Kalenda za ruhusa katika programu nyingi zinaonekana na timu nzima. Mtu akiandikiwa jina la kliniki anayohudhuria kila mwezi, wenzake watajua ugonjwa wake kabla ya ndugu zake. Aina nne zinatosha: afya, familia, uwakilishi wa wafanyakazi, na shughuli za kiserikali. Kunyonyesha kusiombewe kila siku; kuwekwe kwenye ratiba ya mama husika mara moja, kwa kipindi kinachokubaliwa.

Nani achukue ipi

Kwa ofisi ya kawaida yenye watu kati ya 10 na 60, shule binafsi, au hoteli ya Raskazone inayofanya kazi kwa zamu, ningechukua njia ya pili pamoja na mashine au simu, na kuruhusu njia ya kwanza kwa kutoka kusikozidi dakika 15. Hotelini kuna sharti la nyongeza: msimamizi wa zamu ya usiku awe na uwezo wa kuidhinisha, maana afisa utumishi anayefika saa 2 asubuhi hawezi kujua nani alitoka saa 9 usiku. Ofisi zinazotoza wateja kwa saa zichukue ya tatu. Kiwanda au ghala lichukue ya pili bila kusita, kwa sababu ya orodha ya waliomo ndani.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuingizie siku moja ya majaribio mbele yako: mtu anayetakiwa kufanya kazi saa 8 ameingia 8:00, ametoka 10:00, amerudi 11:30, hakubonyeza wakati wa chakula, ameondoka 17:00, na ana ruhusa iliyoidhinishwa kuanzia 10:00 hadi 11:30, huku mapumziko ya dakika 60 yakikatwa na programu yenyewe. Jibu sahihi ni saa 6.5 za kazi na saa 1.5 za ruhusa, jumla 8. Ikitoka 9, programu imeihesabu ruhusa kuwa mapumziko ya mchana. Ikitoka 6.5 peke yake, ruhusa haijaingia kwenye hesabu ya malipo. Ikionyesha saa 8 zote kuwa za kazi, utakuwa umerudi kwenye njia ya kwanza kwa gharama kubwa zaidi. Kisha mwambie aibadilishe ruhusa hiyo iishie 11:00, na utazame kama mfumo unaonyesha nani ameibadilisha na lini.